Mwandishi Anataka Nini? Maswali Yenu Kuhusu Lengo Katika Ufahamu

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa palepale: lile swali la ufahamu linalouliza lengo, kusudi au nia ya mwandishi. Huwa ni swali la alama moja au mbili, ila linawatoa jasho watahiniwa, walimu wao na hata wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani usiku. Tumezipunguza barua maneno tu, maswali tumeyaacha kama yalivyokuja.

"Kifungu kilihusu mifuko ya plastiki. Swali: Mwandishi ana lengo gani? (alama 2). Niliandika, 'Uchafuzi wa mazingira kwa plastiki.' Nikapata sufuri. Kosa langu ni nini, na kifungu kizima kilizungumzia hilohilo?"
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kakamega*

Umejibu swali ambalo hukuulizwa. Jambo linalozungumziwa ni mada. Kile ambacho mwandishi anataka kimtokee msomaji ndicho lengo. Mada hutajwa kwa nomino: uchafuzi, ndoa za mapema, simu shuleni. Lengo halitajiki bila kitenzi: kuarifu, kuonya, kushawishi, kukosoa, kukejeli, kuliwaza, kuburudisha. Jibu lako halina kitenzi, na msahihishaji haruhusiwi kukubunia.

Soma vipande hivi vitatu. Mada ni moja, tumeviandika sisi wenyewe kwa ajili ya jibu hili.

Kipande A: *Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Nchini Tanzania, katazo hilo haligusi vifungashio vinavyotumika katika huduma za afya, viwanda, ujenzi na kilimo.*

Kipande B: *Hebu nenda nyuma ya nyumba yako ukautazame mtaro. Ni nini kilichouziba? Ni vifuko vilevile tunavyonunua kwa kujificha, kisha masika tunalalamika maji yakituingilia vyumbani. Vikapu vya ukili bado vinasukwa, na kimoja hudumu miaka. Turudi kwenye vikapu.*

Kipande C: *Mtaa wetu hauna haja ya bustani. Vifuko vyekundu, vyeupe na vya buluu vimechanua juu ya michongoma mwaka mzima bila kumwagiliwa hata tone la maji. Mbuzi wanavila, wanajaa matumbo, na hakuna anayedai gharama ya malisho. Eti kuna watu wanataka vizolewe! Wivu tu.*

Katika A hakuna "wewe" wala "sisi", hakuna ombi, hakuna neno lenye joto. Kuna miaka, tarehe na mipaka ya katazo. Lengo ni kuarifu, basi.

B ni habari nyingine kabisa. Neno "hebu" linakushika mkono. Swali la mtaro ni la balagha, kwani mwandishi analijibu mwenyewe kabla hujafungua kinywa. Kisha angalia nafsi inavyohama: anaanza na "nyumba yako", lakini ikifika kwenye kosa anasema "tunavyonunua", si "mnavyonunua". Amejitia kundini ili usimkunjie uso. Mwisho anakuja na "turudi", kitenzi chenye kiishio -e, yaani wito. Ile taarifa kwamba kikapu hudumu miaka ni ya kweli, lakini hapo imeajiriwa kibarua. Inaufanyia kazi ule wito. Lengo ni kuwashawishi wakazi waache vifuko.

C tutairudia chini, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi.

"Wanafunzi wangu wamekariri mambo matatu: kuelimisha, kuburudisha, kushawishi. Kila kifungu wanaandika 'kuelimisha'. Niwatoeje huko?"
*Mwalimu wa Kiswahili, Tanga*

Orodha hiyo si mbaya, mwalimu, ila ni pana kama jamvi la msiba. Kila mtu anapata pa kukaa. Kifungu chochote kisicho kichekesho kinaelimisha kwa namna fulani. Kwa hiyo "kuelimisha" huwa ni kweli, na bado haliwi jibu.

Waweke orodha pembeni kwa wiki mbili. Wape kifungu cha aya tano na penseli. Kando ya kila aya waandike kitenzi kimoja kinachotaja kazi ya aya hiyo. Yaliyosemwa ndani ya aya wasiyaandike. Chukua kifungu kuhusu ndoa za mapema. Aya ya 1 *inasimulia* kisa cha binti aliyeachishwa shule. Ya 2 *inaeleza* sababu. Ya 3 *inathibitisha* kwa takwimu. Ya 4 *inapinga* hoja ya wanaosingizia mila. Ya 5 *inawahimiza* wazazi. Sasa waulize: katika vitenzi hivi vitano, kipi kinatumikiwa na vingine? Hakuna anayehimiza wazazi ili apate kusimulia kisa. Kisa kinasimuliwa ili wazazi wahimizike. Bosi amepatikana, na jibu limepatikana: kuwahimiza wazazi wawaache mabinti wasome.

Zoezi hili huharibika kwa njia tatu, zitazame mapema.

Kwanza, kitenzi "inazungumzia". Kipige marufuku siku ya kwanza. Kila aya duniani inazungumzia kitu.

Pili, kuhesabu kura. Mwanafunzi anaona aya tatu zinaeleza na moja inahimiza, anaamua lengo ni kueleza kwa kuwa ndio wengi. Hapa wingi hauna nguvu. Aya moja ya wito inaweza kuziburuta aya nne za maelezo.

Tatu, kukimbilia aya ya mwisho kana kwamba lengo limefichwa humo kila mara. Mara nyingi limo, lakini wapo waandishi wanaofunga kwa dua, kwa muhtasari au kwa utani. Mahali pa kutega sikio ni pale kifungu kinapogeuka: "hata hivyo", "lakini", "licha ya hayo", "ilhali". Kinachofuata neno hilo ndicho mwandishi alichokuja nacho. Kilichotangulia mara nyingi ni cha wengine, amekitaja ili akiangushe.

Ukiwarudishia orodha, irudishe ikiwa imepasuliwa. "Kuelimisha" igawe: kuarifu (kutoa habari tu), kufafanua (kulifungua jambo gumu), kuelekeza (kutoa hatua za kufuata), kutahadharisha. "Kushawishi" igawe: kubadili imani ya mtu, na kumfanya atende jambo, yaani kuhimiza au kuhamasisha. Kukosoa na kukejeli zipe nafasi zao.

Sarufi nayo inasaidia, na hili halifundishwi vya kutosha. Kiambishi *hu-* kikitawala (maji huchemka, mbu hutaga), una maelezo ya hali ya kawaida, na lengo huelekea kufafanua. *-Li-* na *-ka-* zikifuatana, una simulizi. Amri zenye vipimo, "chukua", "changanya vikombe viwili", ni maelekezo. "Hatuna budi", "yafaa", "sharti" na kiishio *-e* ni ushawishi. Lakini hizo ni dalili, si hukumu. Hekaya imejaa *-li-* na *-ka-* tangu mwanzo hadi mwisho, na bado inaweza kuwa imetungwa ili kuwaonya watawala.

Kuna kijineno kingine cha kuwaonyesha: kitenzi kinachobeba maneno ya mtu mwingine. "Waziri alisema" haina upande. "Waziri alidai" imekwisha kupanda shaka. "Waziri alikiri" imemfanya mkosaji kabla ya kusikilizwa. Mwandishi anayetumia "alidai" mara tatu katika aya moja hajaja kuarifu.

"Kifungu kilisifu barabara mbovu ya mjini. Mwanangu akajibu kwamba lengo ni kusifu barabara, akakosa. Mimi pia ningejibu hivyo. Kejeli inajulikanaje kwenye karatasi, ambapo sauti haisikiki?"
*Mzazi, Morogoro*

Turudi kwenye kipande C. Ukikisoma kijuujuu, mwandishi anafurahi: mtaa unachanua, mbuzi wanashiba, wanaolalamika wana wivu. Sasa chukua kila sifa uiweke karibu na kitu chenyewe. Kinachochanua ni takataka. Mbuzi anayekula plastiki anajaa tumbo, lakini hana malisho humo, na huenda akafa. Sifa imekuwa kubwa kuliko kitu, tena haikifai. Pengo hilo kati ya neno na kitu ndiyo sauti ya kejeli. Lengo la C ni kuukosoa mtaa kwa uzembe wa usafi kwa njia ya kejeli, na jibu kamili hutaja yote mawili, kukosoa na kejeli.

Kiswahili kina vifaa vyake vya kazi hii, na mwanao akivijua atavinasa haraka.

"Eti" au "ati" humweka msemaji mbali na maneno anayoyataja. "Eti kuna watu wanataka vizolewe" hujifanya kuwashangaa watu hao, na msomaji anaelewa kwamba wao ndio wenye akili. Tahadhari lakini: "Eti, shule zimefungwa?" ni swali la kawaida tu. Angalia kama "eti" inabeba kauli ya mtu mwingine au inauliza.

Ukubwa na udogo wa nomino. Mwandishi anayeandika "kijitu" hapimi urefu wa mtu, na anayesema "jibarabara" hatuambii upana wake. Viambishi hivyo hubeba dharau, na mara nyingine mapenzi. Muktadha ndio huamua.

Heshima iliyozidi. "Mheshimiwa mno", "mtukufu wetu", "wataalamu wetu waliobobea" wakati aya inasimulia daraja lililoporomoka. Na pongezi kama "hongera" au "heko" mahali ambapo msomaji alitegemea pole.

Kipimo cha haraka: igeuze kauli kinyume, kisha uisome tena pamoja na mambo yanayotajwa kwenye aya. "Mtaa wetu unahitaji usafi." Je, mambo hayo yanaiunga mkono kauli iliyogeuzwa kuliko ile ya awali? Basi ni kejeli. Dalili moja peke yake isikutoshe, tafuta mbili.

"Dhamira, ujumbe, mtazamo, toni, lengo. Vitabu viwili nilivyo navyo, kimoja cha Kenya na kingine cha Tanzania, vinanichanganya kabisa."
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Arusha*

Vinakuchanganya kwa sababu kweli havisemi kitu kimoja. Katika vitabu vingi vya Kenya, *dhamira* ni lengo au nia ya mwandishi, na mambo yanayozungumziwa huitwa maudhui. Katika uhakiki wa Tanzania, *dhamira* ni wazo kuu au kiini cha kinachozungumzwa, nayo huhesabiwa ndani ya maudhui pamoja na migogoro, ujumbe, falsafa na mtazamo. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akiulizwa dhamira ataanza na "kuonyesha..." au "kukosoa...", na wa Dodoma atajibu "rushwa", "nafasi ya mwanamke", na kila mmoja yuko sahihi kwake. Wewe fuata mfumo unaokutahini.

Yaliyobaki ni mepesi. Ujumbe ni funzo ambalo msomaji anaondoka nalo, na huandikwa kwa sentensi nzima: "Uzembe wa usafi huleta mafuriko." Mtazamo au msimamo ni upande aliosimama mwandishi: anaunga mkono, anapinga, au yuko kati. Toni ni hali ya sauti yake: hasira, huzuni, utani, ukali. Toni ni njia, lengo ni mwisho wa safari. Mtu anaweza kuonya kwa utani.

"Kwenye maswali ya kuchagua, majibu mawili huonekana sawa kila mara. Nichague vipi?"
*Mwanafunzi wa darasa la saba, Dodoma*

Tutumie mfano. *Kofia ngumu ya bodaboda haifai kutumika tena ikishapata pigo. Sponji ngumu ya ndani hubonyea ili kichwa kisipate kishindo chote. Ikishabonyea, haifanyi kazi hiyo tena hata kama ganda la nje linang'aa. Abiria wengi hawajui hilo, hupokea kofia yoyote wanayopewa. Kabla ya kupanda, kagua.*

Lengo la mwandishi ni: (A) kueleza jinsi kofia zinavyotengenezwa, (B) kuwatahadharisha abiria kuhusu kofia zilizokwisha kupata pigo, (C) kupunguza ajali za barabarani, (D) kuwashutumu waendesha bodaboda.

A limeokota neno "sponji" na kuliongezea mengine. Hakuna utengenezaji uliotajwa. C ni jibu zuri mno, na hilo ndilo tatizo lake. Ni pana, na kofia haizuii ajali, inapunguza madhara ya kichwa. D lina kitenzi kikali kuliko kifungu: kuna mtu anayetoa kofia, lakini halaumiwi popote. B linabeba hadhira, jambo na wito wa mwisho. Wewe kata kwanza jibu lenye kitenzi kilichozidi ukali, kisha lile pana kuliko kifungu, kisha lile linalosimama juu ya sentensi moja tu.

"Nitumie dakika ngapi kwenye ufahamu, na jibu la lengo liandikweje lipate alama zote?"
*Mtahiniwa wa KCSE, Kilifi*

Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, na ufahamu una alama 15. Piga hesabu, unapata kama dakika 28. Mbili za kuyapitia maswali, sita za kusoma bila kalamu, tano za kusoma tena na penseli ukiandika vitenzi kando, kumi na tatu za kujibu, mbili za kurekebisha. Swali la lengo au la kichwa lijibu mwisho hata kama limewekwa la kwanza. Maswali ya sababu, athari na mapendekezo yatakuwa yameshakupitisha kifungu kizima.

Jibu lijengwe hivi: mwandishi, kitenzi, hadhira, jambo, halafu ushahidi mfupi. Linganisha.

Hafifu: "Mwandishi anajaribu kutuelimisha kuhusu plastiki."

Kamili: "Mwandishi anakusudia kuwashawishi wakazi waache vifuko vya plastiki, ndiyo maana anatoa wito, 'Turudi kwenye vikapu.'"

Achana na "anajaribu"; ama anaonya ama haonyi. Nukuu maneno matatu au manne, usihamishe sentensi nzima, kwani kunakili bila kuchambua hakuonyeshi kwamba umeelewa. Swali likiwa la alama 2, hakikisha pana vitu viwili vya kuhesabika, lengo na ushahidi wake, au malengo mawili ikiwa swali limetumia wingi. Sarufi na tahajia nazo huadhibiwa hata kwenye ufahamu, kwa hiyo zile dakika mbili za mwisho usizile.

"Nilisoma gazetini makala kuhusu kisukari. Ilianza vizuri, ikaishia kwenye dawa fulani ya unga. Lengo ni kuelimisha au kuuza?"
*Msomaji, Mwanza*

Kuuza. Swali lako halina mtihani nyuma yake, lakini ndilo linalohitaji macho makali kuliko yote, maana mwandishi wa mtihani hafichi lengo lake makusudi.

Makala za namna hiyo zina umbo lake. Aya mbili au tatu za mwanzo ni za ugonjwa: kiu, kukojoa mara kwa mara, vidonda visivyopona. Yote ni kweli, na ukweli huo ndio chambo. Kisha inakuja aya ya hofu: macho kupofuka, miguu kukatwa. Baada ya hofu tu, jina la bidhaa linajitokeza kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo halipotei. Anafuata shahidi asiye na jina kamili aliyepona "ndani ya wiki chache". Hutaambiwa nani asiitumie, ina madhara gani, wala kwamba mgonjwa asiache dawa za hospitali. Badala yake kuna namba ya simu.

Kipimo chake ni kidole gumba. Lifunike jina la bidhaa kila linapotokea, kisha usome. Makala ya kuelimisha itaendelea kusimama. Tangazo litavunjika kuanzia katikati, litabaki la ugonjwa usio na tiba. Na kabla ya hayo yote, tazama pembeni juu ya ukurasa, mahali ambapo magazeti huchapisha kwa herufi ndogo neno "Tangazo" au "Makala ya kulipiwa".